LALA AMANI USIKU MMOJA, UJUE MAJI YAKO YANATOKA WAPI

Mkazi wa Tanga ukimwuliza habari za utalii atakutajia Serengeti, Ngorongoro na Mikumi, hata kama hajawahi kutia mguu huko. Mwulize Amani, msitu ulio nyuma ya nyumba yake, atakujibu, "Si kule kwenye machai?" Basi, habari imekwisha. Na wakati anakujibu hivyo, mkononi kashika glasi ya maji yaliyotoka huko huko.

Mpenzi msomaji, safari ninayokusimulia leo haikuwa ya kifahari. Ilikuwa ya siku mbili na usiku mmoja. Tulikuwa watatu: mimi, mama watoto, na mdogo wake aliyekuja kutoka Dar es Salaam kutusalimu akakuta mabegi yako mlangoni. Hakuna aliyepanda ndege wala aliyeona simba. Lakini tulirudi na maneno ya kuzungumza mwezi mzima, na moja katika hayo ndilo lililonifanya nishike kalamu: msitu ule, gharama yake anailipa nani?

MKONGE, MACHUNGWA, KISHA UKUNGU

Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni kama kilomita 40 za lami. Njiani utaona mashamba ya mkonge, mistari imenyooka kama askari kwenye gwaride. Mmea wenyewe si wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliyeagiza miche Florida kule Marekani ikapitia Hamburg. Iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mkonge wote uliolifanya jina la Tanga kujulikana duniani.

Muheza ni machungwa. Tulishuka tukanunua, shemeji akamenyewa matatu hapo hapo, akaanza safari ya mlimani huku midomo inanata. Kutoka Muheza barabara inaingia Usambara Mashariki, kona baada ya kona, na unavyopanda ndivyo joto la pwani linavyobaki chini. Saa moja baadaye unafunga kioo cha gari. Shemeji ambaye alikuwa akijipepea na kitenge sasa amejifunika nacho.

Mlango wa kuingilia hifadhini ni Sigi, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Hapo utaona nyumba ya zamani ya Kijerumani, ya mbao, imesimama kama inasubiri abiria. Na kweli ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ndogo ilipanda hadi hapo kutoka Tengeni, ikishusha magogo ya msituni. Reli ilishang'olewa zamani, na nyumba imegeuzwa kituo cha habari za wageni. Hapo unalipa kiingilio, unapewa risiti na unapewa kiongozi.

KIONGOZI WETU NA VIATU VYA SEBULENI

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, mwembamba, mpole, ana panga kiunoni na darubini shingoni. Alimsalimia mke wangu, "Shikamoo mama," kisha akamgeukia shemeji, macho yakashuka hadi miguuni. Shemeji alikuwa amevaa ndala za kung'aa zenye maua.

"Dada, hivyo ni vya sebuleni," akamwambia taratibu. "Huku tuna siafu."

Shemeji alicheka. Kijana hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na mabuti ya mvua, makubwa namba mbili zaidi, akamwomba avae na suruali aiingize ndani ya soksi. Dakika ishirini baadaye tulikuta msafara wa siafu unakata njia, mweusi, mpana kama mkanda wa suruali. Sote tukaruka. Shemeji akamwangalia kijana, akasema, "Kaka, Mungu akupe maisha marefu."

Sasa ngoja nikuambie kitu kuhusu kutembea kwenye msitu wa mvua. Usitegemee kuona. Mbugani unakaa garini na wanyama wako mbele yako kama sinema. Msituni kila kitu kimejificha. Peke yako utapita saa tatu nzima usione lolote ila kijani kibichi na jasho lako. Ukiwa na kiongozi, kila hatua kumi anasimama.

"Sikilizeni." Tunasikiliza. Hewa inapigwa vuu, vuu, vuu, kama mtu anakung'uta mkeka. Hondohondo wawili wanapita juu, midomo mikubwa kama mizigo.

"Angalieni juu ya ule mti." Mbega mweusi, mabega meupe kama kavaa kanzu, ametulia anatafuna majani bila haraka, kama mstaafu aliyelipwa mafao yote.

"Huu ni msambu." Mti mrefu, tunda lake kubwa kama papai dogo. Mbegu zake zina mafuta mazito yanayoganda kama siagi. Bibi zao walikuwa wakiyapikia. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wanunuzi wakaanza kuzitaka mbegu hizo kwa ajili ya viwanda vya nje, na tunda lililokuwa likiachiwa wanyama likawa na bei.

Halafu akainama kwenye jiwe lenye unyevu kando ya kijito, akasogeza jani. Hapo palikuwa na kiua kidogo cha rangi ya urujuani, katikati njano, majani yana manyoya laini.

Mke wangu akaruka. "Hili si lile la kwenye vyungu, la madirishani kwa Wazungu?"

Ndilo. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Mjerumani, alilipeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika vitabuni, akalipa jina la ukoo wa baron huyo: Saintpaulia. Tangu hapo limezalishwa kwa kila rangi na kuuzwa dunia nzima. Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la milima yetu, Usambaraveilchen. Kwao linapatikana kila duka la maua. Kwetu limebaki kwenye mawe machache yenye kivuli na maji, na kivuli kikiondoka nalo linaondoka.

"Mwenye ua hilo ni nani sasa?" shemeji akauliza.

Kijana akatabasamu. "Sisi tunalo hili la jiwe, dada. La kwenye chungu ni lao."

BUSTANI YA MJERUMANI

Tulipanda hadi Amani penyewe, mita 900 na zaidi juu ya bahari. Hapa mvua kwa mwaka hufika kama milimita 2,000, na ukungu hauombi ruhusa. Unaweza kuwa unazungumza na mtu, ukapita, ukamkuta tena baada ya dakika mbili.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo. Walipanda miti kutoka kila pembe ya dunia kuona ipi itawaletea fedha: mipira, mikafuri, mikwinini, mikahawa, viungo vya kila namna. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 na meli zao zikazuiwa baharini, Amani ndiyo iliyowatengenezea askari wao kwinini na mahitaji mengine yaliyokosekana. Waingereza wakaja, wakaendelea na utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakawa ya utafiti wa malaria. Bustani ikabaki. Ukitembea humo leo ni kama kusoma daftari la mtu aliyekufa: huku alijaribu hiki, kule akajaribu kile.

Katika Waingereza wale alikuwapo Reginald Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928. Ndege ndio walikuwa mapenzi yake. Kuna ndege mmoja mdogo wa kijivu, mdomo mrefu, anayepatikana Usambara Mashariki na sehemu moja tu nyingine, kaskazini mwa Msumbiji. Aliandikwa vitabuni mwaka 1931 na kupewa jina lake: Artisornis moreaui. Na Moreau hakuwa mchoyo. Naye alipopata ndege mpya wa milima ya Uluguru, alimpa jina la mkewe, Winifred. Mke wangu aliposikia hivyo aliniangalia kwa jicho ambalo, ndugu msomaji, wewe uliyeoa unalijua.

Lakini kuna jina jingine ambalo wageni wengi hawalisikii: Salimu Asmani. Huyu alikuwa Mtanganyika aliyefanya kazi na Moreau kwa miaka, akimtafutia ndege na viota na kumweleza tabia zao. Bila macho ya Salimu, vitabu vya Moreau vingekuwa vyembamba. Nilipomtazama kijana wetu na darubini yake, niliona kazi ni ile ile. Mgeni ana daftari, mwenyeji ana macho. Tofauti ni kwamba siku hizi mwenyeji naye anajua majina ya Kilatini, tena anayatamka bila kujing'ata ulimi.

USIKU: NANI ANACHINJWA?

Tulilala nyumba ya wageni ya hifadhi. Usitarajie hoteli ya nyota tano. Kuna kitanda, shuka safi, blanketi mbili, na niamini, zote mbili utazihitaji. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa kuni yakaletwa kwenye ndoo. Chakula unaagiza mapema. Sisi tulipata wali, maharage ya nazi na kuku wa kienyeji aliyepikwa hadi akasalimu amri, na baada ya hapo chai ya Usambara iliyotiwa iliki na mdalasini wa hapo hapo.

Saa mbili usiku kiongozi alirudi na tochi. Kutembea msituni usiku, hata kwa dakika arobaini tu, ni dunia nyingine. Alimulika juu ya tawi na pale palikuwa na kinyonga amelala kwenye ncha ya kijiti, rangi imempauka hadi karibu nyeupe. Hulala nchani makusudi: nyoka akija, kijiti kinatikisika, naye anajiachia chini. Dume lilikuwa na pembe mbili bapa puani. Wataalamu mwaka 2006 waliwatenga vinyonga wa jamii hiyo wakawapa jina lao peke yao, na wamelitoa kwenye Kiswahili chetu: Kinyongia. Mke wangu, ambaye tangu utotoni alifundishwa kwamba kinyonga ni mkosi, alisimama hatua tano nyuma na kutazama kwa jicho moja.

Tulipokwisha kuingia vitandani ndipo ilipotokea sauti. Ilianza chini, kama mlango mkavu unaofunguliwa, ikapanda, ikapanda, ikawa ukelele wa mtu anayekabwa. Mlango wa shemeji ukafunguliwa kwa kishindo.

"Jamani, nani anachinjwa huko?"

Mlinzi akajibu gizani, bila hata kusimama, "Perere huyo mama, lala." Perere, yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, anayekaa mitini. Mwili wake kiganjani, sauti yake kama tembo. Shemeji alihamia chumbani kwetu. Mimi nikahamia chake.

BIBI WA ILIKI

Asubuhi tulipanda kilima cha Mbomole. Ukifika juu ukungu ukifunguka, unaona mambo mawili yamelala ubavu kwa ubavu: msitu, mweusi na wenye vilima vilima, na mashamba ya chai, yamekatwa sawasawa kama nywele za kipanki. Mpaka kati yake ni mkali kama umechorwa kwa rula.

Wakati wa kushuka tulipita kwa bibi mmoja anayeuza viungo barazani kwake. Tulimwamkia, akatukaribisha vigoda. Mke wangu akanunua iliki vipimo viwili, mdalasini na pilipili manga. Kisha akauliza swali la kawaida tu: "Bibi, hizi iliki unalima wapi?"

Bibi akasita. "Sasa hivi hapo nyuma ya nyumba. Zamani nilikuwa nazo Derema, shamba zima."

Hapa ngoja nikueleze. Iliki haipendi jua, inataka kivuli cha miti mikubwa. Kwa hiyo mkulima huingia msituni, anafyeka vichaka na miche midogo ya chini, anaacha miti mirefu, anapanda. Kwa mbali ukitazama utasema msitu upo salama. Kumbe miche iliyokuwa ishike nafasi ya wazee imeondolewa. Miti mikubwa ikianguka, hakuna mrithi. Baada ya miaka kadhaa udongo nao unachoka, iliki inagoma, na mkulima anahamia mbele.

Derema ni msitu unaounganisha vipande vya Usambara Mashariki, njia ya wanyama na mbegu kupita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Serikali iliamua uhifadhiwe. Miaka ya mwanzo ya 2000 mazao yakahesabiwa, na wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia kwa awamu hadi kuelekea mwisho wa muongo huo. Wakatoka.

"Ulilipwa, bibi?" nikauliza.

"Nililipwa. Sisemi uongo. Nilipaka nyumba sakafu, nikamlipia mjukuu ada." Akapepeta iliki kwenye ungo. "Lakini mjukuu wangu, iliki ilikuwa inanipa kila mwaka. Ile fedha ilikuja, ikaenda."

Hakuna aliyesema kitu. Akaendelea mwenyewe. "Msitu tunaupenda. Sisi tusingeupenda, ungekuta nini hapa? Mito hii tumeikuta, na tunataka waikute wengine. Ila na nyie wa mjini mnaokunywa maji, mje basi mtusalimie."

Maneno hayo nimerudi nayo.

MISUMENO, MBEGU NA DHAHABU

Maana usidhani adui wa msitu ule ni bibi na ungo wake. Miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya kampuni ililia Usambara Mashariki, barabara za magogo zikachimbwa hadi kwenye miteremko. Uvunaji ule ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kelele za wataalamu na wananchi zilipozidi.

Lakini jeraha lilibaki na mgeni akaingia humo. Kuna mti uitwao kitaalamu Maesopsis eminii, uliopandwa kutoka nje ya milima hii. Hukua haraka mno kwenye mwanga. Miti mikubwa ilipokatwa, jua likafika chini, nao ukapata ulichokuwa unakitaka. Na msambazaji wake mkuu ni nani? Hondohondo! Yule yule ndege tuliyemshangilia hula matunda yake na kuzidondosha mbegu kila anakopita. Kijana alituonyesha miche yake, minyoofu, imejaa kila palipo na uwazi. "Huu tunaung'oa, unarudi," akasema. "Ukikata mti mmoja wa asili, umeukaribisha huu kumi."

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja dhahabu. Wachimbaji wadogo walifurika kwenye mito ya Usambara Mashariki wakachimbua kingo, maji yakawa uji wa matope. Maji hayo ndiyo Mto Zigi, na Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, ambalo ndilo linalolisha mabomba ya Jiji la Tanga. Viwanda, hospitali, shule, kahawa ya barazani Ngamiani, vyote hivyo vinaanzia kwenye ukungu wa Amani.

Msitu ndio sponji. Mvua inaponyesha, majani na udongo unafyonza, halafu unaachia taratibu hadi kiangazi. Ukiuondoa, mvua ile ile itashuka siku moja na matope, na mwezi unaofuata utashika ndoo kupanga foleni.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa rasmi mwaka 1997, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini. Chini ya hifadhi, kwenye bonde, wakulima wameunda umoja wao wa kuhifadhi Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, wanaoacha kulima kingo za mito na kuchimba matuta kwenye miteremko. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya miradi yake ya maji. Ni jambo jema. Mabomba na mitambo vinahitaji fedha. Lakini bomba halizai maji. Maji yanazaliwa kule juu, kwa watu kama yule bibi.

Nao hawakukaa tu kulia. Baada ya iliki, wengine walijifunza kufuga vipepeo: wanapanda majani wanayokula viwavi, pupa wanasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Biashara ilipendeza, akina mama wakajenga. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, vipepeo nao wakaingia kwenye kapu hilo hilo pamoja na twiga na nyani. Kwa mfugaji wa Amani ilikuwa kama bibi na iliki yake kwa mara ya pili.

Kwa hiyo kinachobaki wazi mlangoni mwao bila kibali cha uwanja wa ndege ni mgeni. Mgeni anayelipa kiongozi, anayekula kuku, anayenunua viungo barazani. Nilimwuliza kijana wetu kwa wiki anapata wageni wangapi. "Msimu wa Wazungu tunapata. Ukipita, naenda kuchuma chai." Kijana anayejua mti kwa jina la Kisambaa, la Kiswahili na la Kilatini, miezi kadhaa ya mwaka anabeba kikapu cha chai mgongoni.

KAMA UNATAKA KWENDA

Nenda siku za kiangazi, Juni hadi Septemba au Januari na Februari. Masika barabara inaweza kukukatalia, kwa hiyo uliza hali yake Muheza kabla ya kupanda.

Piga simu hifadhini mapema, uweke nafasi ya kulala na chakula. Ukifika ghafla utakuta kitanda kipo ila kuku bado anakimbia.

Viingilio hubadilika, uliza vya siku hiyo. Raia wa Afrika Mashariki analipa pungufu sana kuliko mgeni wa ng'ambo, basi usiache kitambulisho nyumbani. Ada ya kiongozi iko pembeni, na usimpunje. Hiyo ndiyo inayofika kijijini moja kwa moja.

Beba sweta, koti la mvua, tochi, soksi ndefu na viatu vya kufunga. Ndala ziache.

Usichume ua lolote, hata kama liko peke yake na linakuchekea. Ukitaka ukumbusho, nunua iliki.

Na mwisho kabisa, pale Sigi kuna kitabu cha wageni. Nilikifungua wakati tunasubiri gari la kurudi. Nilipitia kurasa nne: Ujerumani, Uingereza, Denmark, Ujerumani tena, Marekani, Finland. Watanzania niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao walikuwa maofisa waliokuja kikazi. Mtu wa Hamburg anajua maji ya Tanga yanatoka wapi, mtu wa Chumbageni hajui.

Shemeji alichukua kalamu akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akajaza na safu ya maoni: "Nitarudi. Nitakuja na viatu." Jina lako wewe msomaji sikuliona.